Kalsiamu Yako Iko Juu? Njia ya Kufuata Kuanzia Maabara Hadi Upasuaji wa Tezi ya Parathiroidi

Maswali ni yale yale kila wiki. "Daktari, nimeambiwa nina uvimbe kwenye tezi ndogo ya shingoni, ni saratani?" "Picha haikuonyesha kitu, kwa hiyo sina ugonjwa?" "Mama amepata vijiwe vya figo tena, na safari hii maabara wanasema kalsiamu iko juu. Aache maziwa?" Nimeyaweka majibu hapa kwa mpangilio, ili wewe mgonjwa, au wewe unayemuuguza mzazi wako, ujue uko hatua gani na inayofuata ni ipi.

Nadharia kidogo tu. Nyuma ya thairoidi, ile tezi inayovimba ikawa goita, kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Hizo ndizo tezi za parathiroidi. Kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu katika damu kwa kutoa homoni iitwayo PTH. Kalsiamu ikishuka, PTH hupanda: huchota kalsiamu mifupani, huzuia figo zisiimwage kwenye mkojo, na huiamsha vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi. Kalsiamu ikipanda, PTH inatakiwa ishuke. Tezi ikiota uvimbe huacha kutii. Inaendelea kumwaga homoni hata damu ikiwa imejaa kalsiamu. Mifupa inaliwa, figo zinajenga vijiwe, na mgonjwa anachoka, ana kiu, anakojoa mara kwa mara, hapati choo vizuri, anasahau, ana huzuni asiyojua imetoka wapi.

Kwa wagonjwa wengi, 8 kati ya 10 au zaidi, tatizo ni uvimbe mmoja usio wa saratani, uitwao adenoma. Waliobaki wengi wao tezi zote nne zimekua, na wachache wana adenoma mbili. Saratani yenyewe ni chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Ugonjwa huwapata zaidi wanawake, hasa waliokoma hedhi.

Jambo moja ulishike tangu sasa, maana ndilo linalokosewa kuliko yote: ugonjwa huu huthibitishwa kwa damu na mkojo. Picha kazi yake ni kumwonyesha daktari wa upasuaji aanzie wapi.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Majibu yote ya zamani ya kalsiamu, hata ya miaka mitano iliyopita, hata kama yalitoka hospitali nyingine. Kalsiamu iliyokuwa juu kidogo kwa miaka ina maana tofauti na iliyopanda ghafla mwezi huu.
- Dawa zote unazotumia, ikibidi zibebe kwenye mfuko na pakiti zake. Ongeza virutubisho, vidonge vya vitamini, dawa za kiungulia na za kienyeji.
- Habari za ukoo: nani alipata vijiwe vya figo akiwa kijana, nani aliwahi kupasuliwa shingo, nani ana uvimbe wa tezi nyingine yoyote.
- Majibu ya ultrasaundi ya figo na picha za mifupa kama zipo.
- Mtu wa kukusindikiza. Kalsiamu ikiwa juu kumbukumbu hupungua, na maelezo ya kliniki ni mengi.
- Uhakika wa malipo. Uliza mapema kama bima yako inagharimia kipimo cha PTH na skani, usije ukakwama dirishani.

Hatua ya 1. Thibitisha kwamba kalsiamu iko juu kweli

Jibu moja halitoshi. Rudia kipimo siku nyingine, ikiwezekana asubuhi kabla ya kula, na umwombe mtaalamu wa maabara asikufunge mpira mkononi muda mrefu wala asikuambie ukunje na kukunjua ngumi. Mambo hayo mawili peke yake yanaweza kuipandisha kalsiamu.

Omba albumini, protini iliyomo kwenye damu, ipimwe kwenye damu hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya kalsiamu husafiri imeshikana na albumini, kwa hiyo aliyekonda kwa ugonjwa na albumini yake ikashuka anaweza kuonekana yuko sawa kumbe hayuko. Hesabu yake ni hii, kwa kalsiamu ya mmol/L na albumini ya g/L: toa albumini yako kwenye 40, zidisha kwa 0.02, kisha jumlisha na kalsiamu uliyopimwa. Tuseme kalsiamu ni 2.58 na albumini ni 30. Arobaini toa thelathini ni 10, mara 0.02 ni 0.20, na jumla ni 2.78. Maabara nyingi hutumia kiwango cha kawaida cha takriban 2.1 hadi 2.6, kwa hiyo huyu aliyeonekana mzima ana kalsiamu ya juu. Kama maabara inaweza kupima kalsiamu huru moja kwa moja, hiyo ni bora zaidi.

Baadhi ya maabara hutoa majibu kwa mg/dL. Gawanya kwa 4 upate mmol/L: 10.4 ni sawa na 2.6. Nimeona watu wakiogopa kwamba kalsiamu imeruka kutoka 2.7 hadi 11, kumbe ni ile ile kwa kizio kingine.

Onyo: kalsiamu ikifika 3.5 mmol/L, yaani 14 mg/dL, au ikiwa chini ya hapo lakini mgonjwa anatapika, anachanganyikiwa au anasinzia kupita kawaida, acha kusoma mwongozo huu umpeleke hospitali sasa hivi. Anahitaji dripu za maji ya chumvi na dawa za kuishusha kalsiamu kwa haraka. Hilo si jambo la kusubiri tarehe ya kliniki.

Hatua ya 2. Pitia dawa zako

Dawa za presha za kundi la thiazaidi huifanya figo ibakize kalsiamu. Kwenye pakiti zinaandikwa hydrochlorothiazide au bendroflumethiazide, na mara nyingi zimechanganywa ndani ya kidonge kingine cha presha, kile ambacho jina lake linaishia na herufi H. Wagonjwa wengi wa presha kwetu wanazitumia bila kujua. Mwombe daktari akubadilishie, halafu kalsiamu ipimwe tena baada ya wiki kadhaa. Lithiamu, inayotumiwa na wenye maradhi ya hisia, nayo huchochea tezi hizi.

Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Presha isiyotibiwa inaua haraka kuliko adenoma, na lithiamu ikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kuporomoka. Kubadilisha ni kazi ya daktari aliyeiandika.

Jambo dogo lakini linaharibu majibu: vidonge vya nywele na kucha vina bayotini nyingi, na bayotini huvuruga baadhi ya mashine za kupima PTH, homoni ikaonekana iko chini kuliko ilivyo. Viache siku chache kabla ya kipimo na uwaambie maabara.

Hatua ya 3. Pima PTH na kalsiamu kwa pamoja

Hapa ndipo ugonjwa hujulikana au hupotezwa, kwa hiyo tulia nami.

Damu ya PTH na ya kalsiamu zitolewe wakati mmoja. PTH ya Machi na kalsiamu ya Juni hazisomeki pamoja. Homoni hii huharibika kwenye joto, hivyo kama sampuli inasafirishwa kutoka wilayani hadi jijini, uliza kama itawekwa kwenye baridi. Kama hawana uhakika, ni heri usafiri wewe mwenyewe.

Kisha soma majibu hivi:

1. Kalsiamu juu, PTH juu. Tezi ya parathiroidi ndiyo mshukiwa mkuu.
2. Kalsiamu juu, PTH ndani ya kiwango cha kawaida. Bado ni tezi ya parathiroidi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwenye mwili wenye afya, kalsiamu ya 2.8 ingeisukuma PTH hadi chini kabisa. PTH ya "kawaida" mbele ya kalsiamu ya juu si ya kawaida hata kidogo. Fomu haitawekewa alama nyekundu, na mgonjwa ataambiwa aende nyumbani yuko salama. Kama haya ndiyo majibu yako, usikubali yaishie hapo.
3. Kalsiamu juu, PTH chini. Tezi hizi hazina kosa. Tafuta kwingine bila kuchelewa: saratani ya kiungo kingine, saratani ya uboho, kifua kikuu, ugonjwa wa sakoidosisi, au vitamini D iliyozidishwa. Mwongozo huu haukuhusu tena, lakini usikae nyumbani.
4. Kalsiamu kawaida au chini, PTH juu. Mara nyingi ni upungufu wa vitamini D au figo zinazoshindwa kazi. Tibu hicho kwanza. Kuna wachache wenye ugonjwa wa parathiroidi ambao kalsiamu yao haijapanda, ila hitimisho hilo hufikiwa baada ya sababu nyingine zote kuondolewa.

Siku hiyo hiyo pimisha pia kreatinini (kipimo cha figo), vitamini D, fosfati, magnesi na alikalini fosfatasi. Hiyo ya mwisho ikiwa juu sana inaonyesha mifupa imeliwa vya kutosha, na itakuwa muhimu tukifika siku za baada ya upasuaji.

Hatua ya 4. Kusanya mkojo wa saa 24

Kipimo hiki wengi wanakiruka kwa sababu ni usumbufu. Usikiruke. Kuna hali ya kurithi ambayo kalsiamu hukaa juu kidogo maisha yote, PTH ikiwa kawaida au juu kidogo, na mtu hana madhara yoyote. Kwenye karatasi ya damu anafanana kabisa na mwenye adenoma. Tofauti iko kwenye mkojo: figo zake humwaga kalsiamu kidogo mno. Mtu wa namna hii akipasuliwa hatapona, kwa sababu hakuwa mgonjwa.

Namna ya kukusanya: amka asubuhi, kojoa chooni, mkojo huo uachie, andika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye galoni uliyopewa na maabara, pamoja na mkojo wa kwanza wa kesho yake saa ile ile. Ukisahau mara moja, anza upya siku nyingine. Damu ya kalsiamu na kreatinini itolewe unaporudisha galoni.

Daktari atakokotoa uwiano wa kalsiamu na kreatinini kati ya mkojo na damu. Ukiwa chini ya 0.01, afikirie hali hiyo ya kurithi kabla ya kisu, hasa kama kuna ndugu yako aliyepasuliwa shingo na kalsiamu ikabaki juu. Lakini upungufu mkali wa vitamini D na dawa za thiazaidi navyo hupunguza kalsiamu ya mkojo, ndiyo maana hatua ya 2 inatangulia.

Hatua ya 5. Amua kama upasuaji unahitajika sasa

Mwenye dalili anastahili upasuaji, na dalili hapa ni vijiwe, kuvunjika mifupa kwa kuanguka kidogo, au kalsiamu inayomlaza. Asiye na dalili naye hushauriwa kupasuliwa akiwa na mojawapo ya haya, kwa mujibu wa mwongozo wa kimataifa wa 2022:

- umri chini ya miaka 50;
- kalsiamu iliyozidi kikomo cha juu cha maabara kwa zaidi ya 0.25 mmol/L;
- uwezo wa figo wa kuchuja (eGFR) chini ya 60;
- vijiwe vya figo vilivyoonekana kwenye picha hata kama haviumi;
- kipimo cha uimara wa mifupa kikisoma -2.5 au chini zaidi, au pingili ya mgongo iliyobonyea;
- kalsiamu ya mkojo wa saa 24 iliyozidi miligramu 250 kwa mwanamke au 300 kwa mwanamume.

Kwa hiyo piga ultrasaundi ya figo, na kipimo cha mifupa cha DEXA kama unakifikia. DEXA haipo kila mkoa. Isipopatikana, eksirei ya mgongo ina thamani yake.

Maoni yangu nayasema wazi: kwa mgonjwa mwenye umri wa kufanya kazi, anayeishi mbali na maabara ya uhakika, "tukuangalie tu" ni ahadi ngumu kuitimiza. Kuangaliwa maana yake ni vipimo kila mwaka, maisha yote. Kama uko fiti kwa dawa ya usingizi na daktari mzoefu yupo, upasuaji ndiyo tiba pekee inayoondoa chanzo.

Mgonjwa mwenye umri chini ya miaka 40, au mwenye ndugu wenye ugonjwa huu, aulizie kuhusu maradhi ya kurithi yanayogusa tezi kadhaa mwilini. Kwake huyu mara nyingi tezi zaidi ya moja zimeharibika, na upasuaji hupangwa tofauti.

Hatua ya 6. Tafuta daktari wa upasuaji kabla ya kutafuta picha

Najua watu hufanya kinyume. Wanapiga picha tatu, wanamaliza fedha, halafu ndipo wanauliza nani atapasua. John Doppman, bingwa wa radiolojia wa Marekani, alisema kwamba kitu pekee kinachohitaji kutafutwa kabla ya upasuaji huu ni daktari mzoefu wa parathiroidi. Nakubaliana naye. Daktari huyo ndiye ajuaye picha ipi atakayoitumia.

Anaweza kuwa bingwa wa upasuaji wa jumla aliyejikita kwenye tezi, au bingwa wa masikio, pua na koo. Jina la idara si muhimu. Muulize kwa adabu lakini bila woga:

- Kwa mwaka unafanya upasuaji wa parathiroidi mara ngapi?
- Ukifungua na tezi haipo ilipotarajiwa, utafanya nini?
- Mnaweza kupima PTH nikiwa mezani, au kuipima tezi iliyotolewa papo hapo?
- Nani atafuatilia kalsiamu yangu usiku ule na wiki ile?

Daktari mzuri hachukizwi na maswali haya. Anayefanya goita nyingi ana mkono mzuri shingoni, lakini kuitambua tezi ya parathiroidi kwa macho ni ujuzi wake peke yake.

Hatua ya 7. Picha

Ultrasaundi ya shingo ndiyo ya kwanza. Ni rahisi, haina mionzi, na huonyesha pia kama kuna vinundu vya goita vinavyohitaji kushughulikiwa siku hiyo hiyo. Ubora wake uko mikononi mwa anayeishika. Mwambie anatafuta parathiroidi, asije akaandika "thairoidi ni kawaida" na kukuaga.

Skani ya sestamibi ni ya tiba ya nyuklia. Unadungwa dawa yenye mionzi kidogo ya teknesiamu, unapigwa picha baada ya dakika chache na tena baada ya takriban saa mbili. Thairoidi huiachia dawa, adenoma huing'ang'ania. Kwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road ina huduma za tiba ya nyuklia. Nairobi zipo Aga Khan na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Piga simu kabla ya kusafiri, kwa sababu dawa hiyo haikai muda mrefu na skani hupangwa kwa siku maalumu.

CT, yaani eksirei ya kompyuta, ya awamu kadhaa, kwa dawa ya kung'arisha mishipa, hufaa pale mbili za kwanza zinapopingana au tezi inapodhaniwa imeshukia kifuani. Mwenye figo dhaifu aseme mapema.

Onyo kubwa: usikubali kuchomwa sindano ya kuchukua chembechembe kwenye uvimbe unaodhaniwa ni parathiroidi. Kwetu uvimbe wowote wa shingo huchomwa upesi, na kwa goita ni sawa. Kwa parathiroidi sindano inaweza kusambaza seli njiani, inaacha makovu yanayomsumbua daktari wa upasuaji, na mtaalamu wa darubini anaweza kusoma jibu vibaya. Haiongezi kitu ambacho damu haijasema.

Hatua ya 8. Wiki za kusubiri

Kunywa maji, lita mbili hadi tatu kwa siku kama moyo na figo vinaruhusu. Kuharisha au kutapika kukianza usikae nyumbani; ukikaukiwa maji kalsiamu hupaa.

Usijinyime maziwa, dagaa wala mboga za majani. Kalsiamu yako haitoki kwenye sahani, inatoka mifupani, na ukiinyima tezi chakula itazidi kuchota huko. Ila vidonge vya kalsiamu usimeze kwa kujiamulia. Vitamini D ikiwa chini, daktari ataipandisha taratibu kabla ya upasuaji huku akipima kalsiamu; hilo hupunguza mshtuko wa baadaye. Tembea kila siku. Kulala kitandani muda wote huongeza kalsiamu ya damu.

Kama sauti yako imebadilika, au uliwahi kupasuliwa shingo, nyuzi za sauti ziangaliwe kwa kamera kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya 9. Siku ya upasuaji

Utafunga kula kama ulivyoelekezwa, utalazwa nusu kaputi, utawekewa mto chini ya mabega ili shingo ifunguke. Chale ni ya sentimita chache, juu kidogo ya mfupa wa kola, ikifuata mkunjo wa ngozi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, picha zikikubaliana, daktari anakwenda moja kwa moja kwenye tezi moja. Njia hii inapendeza panapokuwa na kipimo cha haraka cha PTH: homoni hii huishi dakika chache tu kwenye damu, kwa hiyo dakika 10 baada ya tezi kutolewa PTH ikishuka kwa nusu au zaidi, kazi imekwisha. Isiposhuka, anaendelea kutafuta. Ya pili ni kuzikagua tezi zote nne kwa macho, pande zote mbili za shingo. Kipimo cha haraka kisipokuwepo, mimi naona njia ya pili ni ya uaminifu zaidi kwa mgonjwa. Ni ya zamani, inachukua muda zaidi, lakini kwa mkono mzoefu huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100, hata pale picha zilipotoka tupu.

Tezi ya kawaida ina miligramu 30 hadi 50. Adenoma inaweza kuwa nusu gramu, au gramu kadhaa, yenye rangi ya kahawia. Inatolewa nzima bila kuupasua mfuko wake, kwa sababu seli zikimwagika huota upya. Zote nne zikiwa zimekua, huondolewa tatu na nusu, au zote huku kipande kikipandikizwa kwenye msuli wa mkono. Ikionekana imegandamana na nyama za jirani, ngumu na nyeupe, daktari hushuku saratani na kuondoa pamoja na upande huo wa thairoidi.

Hatua ya 10. Siku za kwanza baada ya upasuaji

Usiku wa kwanza, jambo la hatari ni damu kuvuja ndani ya shingo. Ni nadra, lakini ikitokea ni dakika zinazohesabiwa. Shingo ikivimba kwa kasi, ikikaza, au pumzi ikawa nzito, aliye kando yako apige kelele, asisubiri muuguzi apite.

Kisha kalsiamu itashuka. Tezi zilizobaki zilikuwa zimelala na zinahitaji muda kuamka. Kiwango cha chini kabisa hufika kati ya siku ya 2 na ya 4, wakati ambao wengi wako nyumbani tayari. Dalili zake ni ganzi kuzunguka midomo, vidole kuwa kama vinachomwa sindano, misuli kukaza. Meza vidonge vya kalsiamu kama ulivyoandikiwa kwa dalili hizo, na zisipoisha ndani ya saa moja, au vidole vikijikunja vyenyewe, rudi hospitali. Kalsiamu ya dripu itakuondoa hatarini.

Waliokuwa na mifupa iliyoliwa sana, uvimbe wa taya au alikalini fosfatasi ya juu mno, wawe macho zaidi. Mifupa yao yenye njaa itanyonya kalsiamu kwa wiki, hata miezi. Hawa wasiruhusiwe kuondoka wodini haraka.

Vidonge vya kalsiamu kaboneti mezea chakula. Kama unatumia omeprazole, mweleze daktari, maana kaboneti inahitaji asidi ya tumbo. Kalsiamu sitreti itakufaa zaidi. Kama unatumia dawa ya thairoidi, itenge na kalsiamu kwa saa nne.

Kalsiamu ipimwe kesho yake, tena ndani ya wiki mbili, na tena miezi 6. Ikiwa sawa kwenye miezi 6, umepona. Baada ya hapo ni mara moja kwa mwaka.

Mambo yasipokwenda sawa

*Picha zote hazionyeshi kitu.* Kama damu na mkojo vimesema ndiyo, jibu ni ndiyo. Picha tupu humaanisha tezi ni ndogo, au ni zaidi ya moja, au iko mahali pasipo pake. Nenda kwa daktari anayeweza kukagua tezi zote nne.

*Vitamini D imerudi, kalsiamu bado juu.* Ugonjwa ni ule ule. Upungufu huo ulikuwa umefunika ukubwa wake.

*Nimepasuliwa, kalsiamu ni kawaida lakini PTH bado juu.* Hutokea mara nyingi na si kushindwa. Mifupa inajijenga, au vitamini D ni chini. Angalia kalsiamu, tibu vitamini, rudia baada ya miezi kadhaa.

*Nimepasuliwa na kalsiamu bado juu.* Usikimbilie kisu cha pili. Rudi hatua ya 1 na uthibitishe upya, mkojo wa saa 24 ukiwemo. Omba ripoti ya upasuaji inayosema tezi zipi zilionekana, na jibu la darubini, kwani wakati mwingine kilichotolewa kilikuwa mtoki au kipande cha thairoidi. Tezi za chini husafiri pamoja na tezi ya thaimasi mtoto akiwa tumboni, na baadhi huishia kifuani. Kapteni Charles Martell wa meli za biashara za Marekani alipasuliwa mara kadhaa bila mafanikio kabla adenoma yake kupatikana kifuani, kwenye upasuaji wa saba, Boston, mwaka 1932. Siku hizi skani na CT hufanywa kabla ya upasuaji wa kurudia, na kazi hiyo ni ya kituo kikubwa tu.

*Sauti imekwaruza.* Kwa siku chache ni bomba la usingizi. Ikizidi wiki mbili, au ukipaliwa unapokunywa maji, nyuzi za sauti ziangaliwe. Neva ya sauti hudhurika kwa kudumu kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 100, au pungufu, mikononi mwa mzoefu.

*Kalsiamu haipandi pamoja na vidonge vyote.* Pima magnesi. Ikiwa chini, kalsiamu haitapanda mpaka nayo ijazwe.

*Mgonjwa ni mjamzito.* Maji na uangalizi kwanza. Upasuaji ukihitajika, hupendelewa miezi ya kati ya mimba. Mtoto akizaliwa kalsiamu yake ipimwe, kwani inaweza kushuka sana.

*Mgonjwa hawezi kupasuliwa.* Dawa iitwayo cinacalcet hushusha kalsiamu, na alendronate hulinda mifupa. Hakuna kati yake inayoondoa uvimbe, na cinacalcet ni ghali na haipatikani kila duka la dawa.

*Mgonjwa yuko kwenye usafishaji wa damu.* Tezi zake zimekua kwa sababu ya figo. Vipimo, dawa na aina ya upasuaji ni tofauti, na mwenye kuongoza safari yake ni daktari bingwa wa figo.